Gunia ya Udongo Kutoka Oicha

Butembo, Bulengera, tarehe 16 mwezi wa pili 2025

Kwa Muyisa, mutoto ya kaka yangu, huko Beni,

Amani ikukute umekaa, na kama umesimama, kaa kwanza. Huku tuko. Magoti yangu inaimba wakati wa mvua, na mvua haijapumzika tangu Noeli, donc ni kwaya nzima. Kaka yangu mukubwa Kasonia anakusalimia. Alikuja kiisha misa, akakula, akasifu maharagi, akaniangalia sawa vile batu banaangaliaka mugonjwa. Yasmine, jirani yangu muuza vitenge, anauliza kama umeisha kuoa. Nilimuambia ungali unatafuta mwanamuke mwenye hajakusikia ukiongea juu ya kuku.

Sasa, neno lenyewe. Tutoto twa kuku tumekufwa tena.

Unakumbuka Bonane ya mwaka uliopita, siku ya kuingia mwaka mupya, tulikaa wote kwa Kasonia, na yeye akaanza: “Kavira, miaka mbili inapita. Kahongya hajarudi kutoka shamba ya kakao. Tufanye matanga, tumusomee misa, roho ya mutoto ipumzike.” Nilisimama mbele ya wote. Nikasema: ile kuku ya madoadoa ni ya Kahongya, nilitoka nayo Oicha kwenye mapaja yangu, masasi ya bunduki nyuma yetu. Kama ile kuku ingali inatembea na batoto, mutoto wangu pia angali anatembea. Siku kizazi yake itaisha, mutafanya matanga na sitafungua kinywa. Kasonia alikubali mbio sana. Ni mutu anajua kuku.

Tangu pale, mara mbili imeangua, mara mbili tutoto tumemalizika. Tunaanza muzuri, tunakimbia, tunapigana juu ya funza. Kiisha, wakati manyoya ya mabawa inaanza kutoka, siku moja tunasimama. Hatukule. Mabawa inashuka chini sawa mutoto amevaa koti ya marehemu. Nyuma kunatoka damu. Asubui ninakuta tutoto tumelala ubavu.

Wewe unasema unajua kuku. Basi jua. Mama yao amelalia tena.

Usinipigie simu. Laini yangu ninaiacha wazi, unajua juu ya nani. Ile namba anaijua kwa kichwa, ingine hajue. Apige, akute ninaongea na wewe juu ya mavi ya kuku? Hapana. Andika, umupe Sikuli wa taxi ya Oicha na Butembo. Anapita kila juma kama barabara inakubali.

Mimi shangazi yako, na kwaya ya magoti yangu,
Kavira


Beni, tarehe 2 mwezi wa tatu 2025

Shangazi mupenzi,

Barua yako ilifika ikinuka samaki, donc ninajua Sikuli aliiweka wapi. Nimekaa, kama ulivyoamuru. Huku tunaamka, tunauliza kwanza usiku ulipita namna gani upande wa pori, kiisha ndiyo tunasalimiana. Umuambie Yasmine kwamba nilipata mwanamuke moja mwenye kusikiliza mambo ya kuku mpaka mwisho. Alikuwa anangojea mvua ipite.

Sasa ile mambo yako. Mimi sikusomea kuku. Nilijifunza kuku kwa kuzika kuku, na nimezika ya kutosha. Ile ni kuhara damu. Wenye diplome banasema coccidiose. Si uchawi, si jicho ya mutu. Ni tududu tudogo kuliko macho, tunaishi ndani ya matumbo ya kuku na kuyakata. Kuku inakunya, mayai ya tududu inaanguka chini. Pale chini kukiwa joto na maji, siku moja ao mbili mayai inaiva. Katoto kanadonoa, kanameza, mambo inaanza upya. Ndiyo maana inapiga tutoto na inaacha wakubwa: mukubwa alimeza kidogo kidogo akiwa mudogo, mwili ukazoea.

Kwa hiyo adui yako ni unyevu. Toa takataka yote ya ndani ya kajumba ya kuku, choma mbali. Usiamini javel ya kufulia nguo, ile mayai inacheka javel. Maji ya moto yenye kutokota, ndiyo. Acha sakafu ikauke mpaka uone vumbi, mwanga chokaa, kiisha weka maranda makavu ya fundi mbao. Chombo ya maji ipandishe juu ya tofali, tutoto tusiingie na miguu. Kila fasi yenye imelowa, toa siku ile ile. Tutoto tusichanganyike na kuku za umri mwingine.

Ninatuma amprolium, ile dawa ya unga inapitia mupaka wa Kasindi. Ukiona tu kamoja kameshusha mabawa, usingojee damu. Changanya ndani ya maji sawa karatasi ya pakiti inasema, maji mapya kila asubui, na maji mengine yoyote uondoe. Ata ya mvua.

Wapone, shangazi. Mimi pia ninataka watembee.

Muyisa, muzikaji wa kuku


Butembo, tarehe 20 mwezi wa ine 2025, Pasaka

Muyisa mwanangu,

Bwana amefufuka. Tutoto twangu hapana.

Nisikuonee: dawa ilifika, na maandishi yako nilisomewa na nikasoma tena mwenyewe. Nilichoma takataka. Nilimwanga maji ya moto mpaka Yasmine akauliza kama ninapika nyumba. Chokaa, maranda, tofali, yote. Waliangua juma ya pili ya mwezi wa tatu, wazuri, wa madoadoa sawa mama yao. Na walipoanza kunyong’onyea niliweka dawa siku ile ile, pamoja na vitamine ya unga juu niliwaonea huruma.

Watatu wamebaki. Kasonia alipita jana. Aliinama kuchungulia mulango ya kajumba, akasimama, akauliza kama bado nina ile sufuria kubwa ya karamu.

Sasa nikuambie kitu haikuwa ndani ya barua yako. Mugonjwa anaendaka kwa mama yake, ama? Hawa hawaendi. Wakishikwa wanaacha mama yao, wanaenda kwenye pembe ya kajumba upande wa barabara, wanasimama mustari, vichwa vyote vinaangalia upande wa Beni. Upande wa Oicha. Mama yao anawaita mpaka sauti inakauka. Hawageuke. Na mbele ya kufwa, kila kamoja kananyanyua kichwa kidogo, sawa mutu ameitwa jina na mutu mwenye anamujua.

Tena: kuku za Yasmine ziko nyuma ya ukuta, hatua chache. Jogoo ni ile ile yake, haina haya, inaruka ukuta kuja kwangu. Maji ya mvua ni ile ile. Kwake hakuna ata mumoja amekufwa. Anawatupia makombo, anasema bismillahi, basi. “Mama Kahongya,” ananiambia, “kuku yako inalia mutu.”

Dawa ingine, tafazali.

Kavira


Beni, tarehe 11 mwezi wa tano 2025

Shangazi,

Salamu kwa watatu, kama wangali watatu. Mimi niko muzima. Paa yangu ilifungua kinywa wakati wa upepo ya Jumanne, tuliongea na nyota kidogo, nimeisha kuifunga.

Vitamine: kosa ni yangu, sikukuambia. Amprolium inawanyima tududu chakula chao, na ile chakula iko ndani ya vitamine. Ulikuwa unawafungia mulango na kuwapitishia sahani kwenye dirisha. Dawa kwanza peke yake, vitamine kiisha.

Kusimama kwa mustari: ile ukuta labda inashika jua ya mangaribi. Mugonjwa anatafuta joto. Ndiyo maelezo yangu.

Lakini Yasmine ananisumbua. Si yeye, kuku zake. Jogoo moja, mvua moja, ukuta moja. Basi kuna kitu kinaingia kwako na hakiingie kwake. Nilifikiri: maranda? Maji? Viatu vyako? Kiisha Sikuli akanipa jibu bila kujua. Nilikuwa ninamupa hii pakiti kwenye parking, akaniangalia mikono.

“Muyisa, leo hakuna gunia?”

“Gunia gani?”

“Ile ya shangazi yako. Yenye inanuka kuku.”

“Mimi sijatuma gunia ata siku moja.”

Akawasha moteri. “Bon,” akasema. “Basi na mimi sijabeba.”

Shangazi, unaweka nini ndani ya ile kajumba?

Muyisa


Butembo, tarehe 15 mwezi wa sita 2025

Muyisa,

Hakuna jua kwenye ile ukuta. Mvua tu, tangu Noeli. Tafuta maelezo ingine.

Sikuli anaongea sana kwa mutu mwenye meno kidogo.

Afya ni ile. Watatu wamekuwa moja, na ni jogoo. Mama yake ameacha kutaga, nimemuacha apumzike. Kasonia ametuma katekista Phinées aniulize tarehe ya misa. Nilimupa chai, nikamuambia jogoo ni mutoto pia. Akacheka. Alipoona sicheki, akamaliza chai mbio.

Uliuliza, ninajibu mara moja. Unakumbuka Kahongya alivyofanyaka akiuza kuku? Anachota kiganja ya udongo ndani ya kajumba yake, anamupa munuzi: “Weka chini ya kiota. Haitakukimbia, itafikiri iko nyumbani.” Batu walimucheka, lakini kuku zake hazikurudi ata siku moja. Mimi nikageuza ile mambo. Nilipokimbia na kuku, nilichota udongo pia, kagunia kadogo. Kila mara wakiangua ninawawekea chini, siku ya kwanza, mbele wameze kitu ingine. Siyo juu wao wasikimbie. Ni juu Kahongya ajue fasi ya kurudi.

Kagunia kalimalizika mwaka uliopita. Kiisha Sikuli akaleta ingine. Nzito, nyeusi, inanuka pale kabisa. Alisema aliikuta kwenye parking ya Oicha, imesimama peke yake juu ya benchi, jina yangu imeandikwa na makala. KAVIRA. Ile K ina mukia unaopita chini ya herufi zingine zote. Unajua ni nani aliandikaka vile.

Mpaka leo gunia zimefika ine.

Usiniulize tena.

K.


Beni, tarehe 27 mwezi wa saba 2025

Shangazi mupenzi,

Nisamehe, nimekawia. Nilikuwa na homa, kiisha nilikuwa na njia.

Nilienda Oicha. Nilifika. Nyumba iko.

Sasa sikiliza juu ya udongo, juu ni hapa kufwa kunatokea. Kahongya alifuga pale miaka mingi, kuku juu ya kuku, fasi moja. Ile udongo yake ni mayai ya ugonjwa matupu. Inakaa mwaka na zaidi, inangojea unyevu tu. Wewe unachoma, unamwanga maji ya moto, unaweka chokaa, unafanya kazi ya batu watatu, kiisha unawapa kiganja kizima siku ya kwanza ya maisha yao. Kidogo kingewazoeza. Kizima kinawaua. Hakuna dawa itashinda mukono wako.

Na nikuambie na ingine, hautaipenda. Mama yao mwenyewe anabeba. Haumuoni mugonjwa, lakini anakunya ile ile kitu kila siku. Akiangua tena, kausha tutoto, kiisha umutoe. Watunze ndani ya karton na jiko ya makala pembeni, usiwape moshi. Wakikua kidogo uwaweke juu ya wavu, mita ya juu, mavi ianguke chini na wao wabaki juu. Chokaa ninatuma gunia nusu. Iweke fasi kavu. Usiishike na mukono yenye imelowa, inakula ngozi. Kwanza ichekeche, juu ile ya hapa ina mawe. Kiisha mwanga nyembamba, sawa unga juu ya meza ya kukatia mandazi, si sawa theluji ya kwenye kalendari ya paroisi. Chini ya wavu pia. Na kwenye mulango, mutu akiingia akanyage. Sikuli pia.

Ni hayo.

Muyisa


Butembo, tarehe 10 mwezi wa munane 2025

Muyisa,

Wasingya, aksanti, kwa chokaa. Tuko wazima, Yasmine anakusalimia, kuku inalalia.

Juu ya Oicha umeandika mustari moja. Juu ya chokaa umeandika karatasi. Baba yako alikuwa vile vile. Siku alileta habari ya kifo ya mama yetu, alianza na daraja yenye ilivunjika, akaeleza mbao moja moja, mpaka chai ikapoa na mimi nikaanza kulia peke yangu.

Ninauliza neno moja. Lupango, kiwanja ya nyumba ya Kahongya, ilikuwa imefagiwa?

Mpaka ujibu, chokaa yako inakaa ndani ya gunia yake, na ile ingine inakaa ndani ya yake.

Kavira


Beni, tarehe 24 mwezi wa munane 2025

Shangazi,

Ndiyo.

Sikutaka kuandika, juu kitu ukiandika inakaa. Lakini umeuliza.

Nilifika saa sita ya muchana, jua juu ya kichwa. Jirani wote walikimbia, unajua. Majani imeingia mpaka kwenye madirisha yao. Kwa Kahongya hakuna jani ata moja. Lupango imefagiwa, mistari ya ufagio mipya, sambamba, kutoka kwenye barabara mpaka kwenye mulango. Wewe unajua mutu anafagia akirudi nyuma, ili asikanyage kazi yake. Mwenye alifagia pale alianza kwenye barabara na akamalizia kwenye mulango. Hakuna nyayo ya kutoka. Na mulango umefungwa inje na kufuli ya Kahongya. Niliigusa. Kutu imeshika mpaka ndani, ile haijafunguliwa tangu ulipokimbia. Niligonga. Ndiyo, niligonga, usinicheke.

Kajumba ya kuku iko wazi. Kuku hakuna. Mavi ya kuku iko, mabichi. Na kwenye pembe, udongo imechotwa na jembe, kashimo ka pembe ine, kingo safi sawa kaburi ya mutoto. Nilikaa pale mpaka kivuli ya nyumba ikanifikia miguu. Ndege hazikuimba. Nikasema kwa sauti: “Kahongya, ni mimi Muyisa.” Nilijisikia mupumbavu, kiisha nikajisikia kuna mutu anangoja niendelee.

Nikatoka. Nilipita katikati ya lupango na hivi viatu vyangu vizito vya mvua. Kwenye mugomba wa mwisho niligeuka, kutazama tu. Mistari ya ufagio ilikuwa mizima. Yote. Kutoka barabara mpaka mulango.

Upepo, labda. Upepo yenye kushika ufagio.

Sijui ni nani anakutumia udongo. Nilichunguza kwenye parking: hakuna mwenye ameona mutu, wanaona gunia tu. Lakini kitu kimoja ninajua, na hapa sihitaji roho ya mutu ao ya mushetani. Akiwa muzima ao akiwa amekufwa, ile udongo inaua batoto ya kuku yake. Kama anakutumia kwa mapendo, basi hajui. Umuambie.

Jogoo yangu inalia saa mbaya tangu nirudi.

Muyisa


Butembo, tarehe 26 mwezi wa kumi 2025

Muyisa, mutoto ya kaka yangu,

Kaa tena. Nina mengi, na magoti leo imenyamaza.

Waliangua mwanzo wa mwezi wa kenda. Nilifanya sawa ulivyosema. Nilitoa chokaa ndani ya gunia yake. Gunia ya udongo sikufungua. Wakati tutoto tulikauka, niliwatoa chini ya mama yao, nikawaweka ndani ya karton jikoni, na yeye nikamufungia inje. Sikujua kuku inaweza kulia vile. Alizunguka nyumba akigonga ukuta na kifua. Yasmine alikuja kuniambia ni zambi. Nilimuambia: ninajua. Mama mwenyewe ndiye anawabebea kifo, na hajui, na anawapenda. Nikasikia vile nimesema, nikakaa chini.

Bwana ya Yasmine, Issaka, ule mubeba mizigo wa soko, alinitengenezea wavu juu ya miti. Mavi inaanguka, wao wanabaki juu sawa wakubwa wa Kinshasa. Wakati wa mabawa ulifika. Mumoja alishusha. Dawa ndani ya maji ile asubui, bila vitamine, maji ingine yote niliondoa. Sikwenda misa, Mungu alijua fasi niko. Kesho yake kalikuwa kanakula.

Na hakuna ata kamoja kalisimama kwenye pembe. Wanaangalia chakula tu, wajinga, sawa kuku.

Sasa wana mikia. Wamejaa wavu, wanapigana. Kasonia alikuja, akahesabu kwa macho, akarudilia kuhesabu. Nafikiri aliona aibu juu ya ile sufuria. Ndiyo pale nikamuambia: “Kaka, andaa matanga.”

“Kavira, lakini wamepona! Neno yako imesimama.”

“Ni juu ya vile wamepona,” nikasema. Nilitaka waishi juu ya udongo yake, wakakufwa. Wameishi bila udongo yake. Mimi si mutu wa shule, lakini nikionyeshwa mara ine, ninaelewa.

Matanga ilikuwa juma iliyopita. Hatuna maiti, tukazika gunia. Ile ya mwisho, yenye Sikuli alileta wakati wa kuangua. Nyuma ya nyumba, chini ya muti ya avoka. Phinées alisoma. Nikuambie kitu, kiisha usiniulize: Issaka anabeba magunia ya simiti mbili kwa mara moja, unamujua. Ile ya udongo alishindwa kuinyanyua peke yake. Kasonia alishika upande ingine, na bado walienda kwa hatua ndogo ndogo, sawa batu wanabeba mutu. Hakuna mwenye alisema tufungue. Phinées alisoma mbio kidogo.

Walipomaliza, ile kuku ya madoadoa ilikuja. Haikuchakura. Ilikaa pale juu, ikatandaza mabawa, sawa amelalia.

Basi. Sasa laini ni wazi kwako. Unipigie Jumapili ya kwanza ya mwezi, kiisha misa ya asubui. Nitakuwa nimekaa inje, kando ya kuku, ninangojea wewe. Sina tena mutu mwingine wa kungojea.

Shangazi yako, mwenye kupumzika,
Kavira


Beni, tarehe 3 mwezi wa kumi na moja 2025

Shangazi mupenzi,

Ninaandika bila salamu ndefu, Sikuli amewasha moteri. Anasema hajakuta gunia ingine. Benchi iko tupu.

Nilikupigia jana kiisha misa, sawa tulivyopatana. Laini ilikuwa inatumika. Nikangoja, nikapiga tena. Inatumika. Nilienda kuwapa kuku maji, nikarudi, inatumika. Nikafikiri ni réseau ya simu imeharibika. Basi nikapigia Issaka, nikamuomba achungulie juu ya ukuta aone kama uko muzima.

Akaniambia uko. Umekaa kwenye kiti kando ya wavu, simu kwenye sikio, ufagio kwenye magoti, uso muzuri. Nikamuuliza unaongea na nani. Akasema hauongei sana, unasikiliza. Nikamuomba akaribie, aniambie unasema nini. Alikaribia, kiisha akaanza kurudilia maneno yako, polepole, moja moja:

“Ee. Bote bamepona… Hapana, usitume tena… Ee. Nimefagia.”

Shangazi, sitakupigia. Laini ninamuachia mwenyewe.

Muyisa